Anayekwenda kwa Miguu Apewe Njia Yake Ghalani

Msimu wa mavuno uliopita mwandishi wa maneno haya alisimama mlangoni mwa ghala moja la nafaka huko Magomeni, mjini Kilosa, akingoja magunia yake yapimwe. Jina la ghala hilo hatulitaji, maana yaliyotokea pale yangeweza kutokea katika maghala mengi ya nchi hii. Lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni, vibarua wanashusha magunia, wakulima wamesimama karibu na mizani, na mama mmoja muuza chai anakatiza uwanja na birika yake na kikapu cha vikombe. Mara foklifti ikatoka ndani, imebeba magunia yaliyopangwa hadi kupita kimo cha dereva, na dereva mbele yake haoni kitu ila magunia. Kibarua mmoja akapiga ukelele, akamvuta mama yule kwa upindo wa kanga yake. Gurudumu likapita juu ya kikapu na vikombe vikasagika.

Watu walicheka, kama watu wachekavyo hofu inapowatoka. Msimamizi akaja mbio, akamfokea yule mama: "Wewe mama, hukuiona mashine?" Mama akajibu taratibu, "Nimeiona, mwanangu. Nilidhani na yeye ananiona."

Kazi ikaendelea. Hakuna aliyeandika neno lolote katika daftari lolote, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Lakini jibu la mama yule lina maana kubwa kuliko mabango mengi ya usalama tuliyopata kuyasoma yakiwa yamebandikwa ukutani. Aendaye kwa miguu huiona mashine, kwa kuwa ni kubwa, ina rangi kali na ina kelele. Kwa kuwa ameiona, hudhani kwamba naye ameonekana. Hapo ndipo mauti yanapojificha.

Twapenda leo kulizungumza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu kila mara mtu anapogongwa ghalani neno la kwanza kusemwa huwa ni "uzembe". Kibarua alikuwa mzembe. Dereva alikuwa mzembe. Mama chai alifuata nini pale? Neno hilo ni jepesi kulitamka, na humwondolea mwenye ghala mzigo wote wa kufikiri. Sisi twasema kwamba ghala ambalo watu na mashine hutumia mlango mmoja, njia moja na saa moja limekwisha kutayarisha ajali tangu asubuhi. Linalosubiriwa ni nani ataangukiwa nayo.

Ili tuelewane, yafaa kwanza tuijue mashine yenyewe. Wengi huitazama kama gari dogo lisilo na haraka. Foklifti ya kawaida, ile inayoweza kunyanyua tani mbili na nusu, yenyewe ina uzito wa tani tatu na nusu au nne hivi, yaani kuzidi magari matatu madogo ya abiria. Uzito huo umewekwa kwa makusudi. Nyuma ya kiti cha dereva pana chuma kizito ambacho kazi yake ni kupingana na mzigo ulio mbele, mfano wa mizani ya mikono miwili. Ikishabeba mzigo wake kamili, kinachotembea katikati ya watu ni tani sita au zaidi.

Jambo la pili ni usukani. Gari tulilolizoea barabarani hugeuza magurudumu ya mbele. Foklifti hugeuza magurudumu ya nyuma, na hivyo inapokata kona kushoto, mgongo wake hutupwa kulia kwa nguvu na kwa upana. Aliyesimama kando yake akidhani yu salama, kwa kuwa mashine inaelekea upande mwingine, ndiye anayebanwa na ule mgongo ukutani au kwenye rundo la magunia. Hili halijulikani kwa macho. Lazima mtu aambiwe. Basi na tujiulize: ni vibarua wangapi wa Kilosa waliowahi kuambiwa kabla ya kubeba gunia la kwanza?

La tatu ni mwendo. Kilomita kumi kwa saa huonekana si kitu. Lakini kwa mwendo huo mashine hupita karibu mita tatu katika kila sekunde. Dereva akimwona mtu ghafla, sekunde moja hupotea kabla mguu wake haujafika kwenye breki, na katika sekunde hiyo mita tatu zimekwisha. Tena hawezi kukanyaga breki kwa ghadhabu kama afanyavyo dereva wa basi, kwani magunia yaliyo juu ya uma yatamwagika mbele, pengine juu ya huyo huyo aliyekusudia kumwokoa. Na siku hizi zipo mashine za umeme wa betri ambazo hazina ngurumo kabisa, zikaja nyuma ya mtu kama paka. Ngurumo iliyokuwa ikitukera ndiyo iliyokuwa ikituonya.

Sasa tuongeze lumbesa. Msomaji wa mjini huenda akashangaa kwamba twataja lumbesa katika habari ya mashine, kwa kuwa amezoea kusikia kwamba lumbesa ni wizi wa jasho la mkulima. Ni wizi kweli, na Wakala wa Vipimo umeupiga marufuku. Lakini lumbesa pia ni hatari ya chuma. Dereva anaponyanyua magunia ishirini akiamini kwamba kila moja ni kilo 100, hesabu yake ni kilo 2,000, na mashine yake ya kilo 2,500 yatosha. Kama kila gunia limeshindiliwa na kushonewa kilemba hata likafika kilo 130, mzigo ni kilo 2,600, naye hana habari. Zaidi ya hayo, uwezo ulioandikwa kwenye kibati cha mashine ni kwa mzigo ambao kitovu chake hakipiti umbali fulani kutoka mahali uma unapoanzia, kwa kawaida sentimeta 50. Mzigo uliokaa mbele kuliko hapo huipunguzia mashine nguvu, hata kama uzito wake haukuzidi. Mzigo ukizidi, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoongoza. Dereva huzungusha usukani na mashine isimsikilize. Aliye mbele kwa miguu hajui hata chembe ya mambo haya.

Mashine yenyewe si ngeni duniani. Huko Marekani, kiwanda cha Clark katika mji wa Buchanan, jimbo la Michigan, kilijitengenezea gari la kuchukulia mizigo ndani ya kiwanda mwaka 1917, na wageni waliolitazama wakataka kulinunua. Vita Kuu ya Pili ikazieneza mashine za namna hiyo pamoja na vichanja vya mbao tunavyoviita paleti, kwa kuwa majeshi yalikuwa na shehena nyingi na mikono michache. Basi dunia imekuwa na miaka zaidi ya mia moja ya kujifunza tabia za chombo hiki, na mafunzo mengine yamelipiwa kwa damu. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanya kazi ilihesabu kwamba kati ya mwaka 1980 na 1994 watu 1,021 walikufa nchini humo katika ajali za foklifti. Mmoja katika kila watano hivi alikuwa mfanya kazi aliyekuwa kwa miguu, akagongwa. Nao hao walikuwa katika nchi yenye sheria nyingi, wakaguzi na shule za madereva.

Asije mtu akatuelewa vibaya kwamba twapiga vita mashine. Hata kidogo. Mwanadamu hakuumbwa abebe gunia la kilo 100 mgongoni kutwa nzima. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono, na kila anayelijua ghala la Kilosa anajua umbali uliopo kati ya shauri lile na mabega ya vijana wetu. Robota moja la mkonge lina kilo 250. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya Kimamba na Rudewa, enzi za zao hilo kushamiri, wanajua robota ni nini. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ya shehena ile ilisukumwa, ikaviringishwa na kuinuliwa kwa misuli ya watu. Migongo iliyovunjika wakati ule haikuandikwa popote. Kwa hiyo foklifti ni ukombozi wa mgongo, na tunaikaribisha. Tunachokataa ni kuukomboa mgongo na kuupoteza mguu.

Wilaya ya Kilosa ina sababu yake ya kulifikiria jambo hili mapema kuliko wengine. Mji wenyewe ulikuzwa na reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na hapo Kilosa ndipo lilipochepuka tawi la kwenda Mikumi na Kidatu. Na pale Kidatu pana fundisho zima la kuhamisha mizigo. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, upana wa vidole vitatu au vinne vya mkono, lakini behewa haliwezi kuvuka. Mwaka 1998 kikafunguliwa pale kituo cha kuhamishia shehena kutoka behewa la upande huu kwenda behewa la upande ule. Kila mahali mzigo unapobadilisha chombo, reli kwa reli, lori kwa ghala, ghala kwa lori, watu na mashine hukusanyika mahali pamoja. Mzigo uliotulia ndani ya behewa haumdhuru mtu; huumiza pale unapohamishwa.

Na sasa reli ya kisasa imepenya milima ya Kilosa kwa mahandaki, na tangu mwaka 2024 treni za abiria zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma zikipita hapo hapo. Biashara itafuata njia, kama ilivyofuata ile ya kwanza. Ufuta, mbaazi, mahindi na mpunga vitahitaji maghala zaidi, na utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unalifanya ghala kuwa mahali anapofika mkulima mwenyewe badala ya kumaliza biashara yake shambani. Hilo ni jema. Lakini mkulima huyo, mkewe, na mtoto aliyemshika mkono, wote ni watu wa kwenda kwa miguu ndani ya uwanja wa mashine. Hawajui honi moja ina maana gani na honi mbili zina maana gani. Hawakuajiriwa na mtu pale. Ukiwatazama kama wasumbufu wanaozuia kazi, umekwisha kuwaweka hatarini.

Tukija kwenye sheria, nchi yetu haiko gizani. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa zama za ukoloni, ilikuwa ndiyo mwongozo kwa muda mrefu, hadi ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Wakala wa kuisimamia, OSHA, ulikwisha kuundwa mwaka 2001. Sheria hiyo inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, awe na wawakilishi wa usalama na afya kutoka miongoni mwa wafanya kazi, na mashine za kunyanyulia mizigo zichunguzwe na mtu mwenye ujuzi na idhini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mahali pa hatari. Kuna tena Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Mwezi Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi ulioketi Geneva uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanya kazi, pamoja na haki ya kujiunga katika chama na kutotumikishwa kwa nguvu.

Karatasi basi hazikosekani. Kinachokosekana ni karatasi moja ndogo: daftari la majina ya vibarua.

Hapa ndipo jambo letu linapouma. Kijana anafika ghalani saa kumi na mbili asubuhi, anasimama getini, anachaguliwa kwa kidole. Jina lake haliandikwi, au linaandikwa jina moja tu, "Juma", na Juma wa Magomeni hawana idadi. Hulipwa kwa gunia. Jioni anapewa fedha yake mkononi na kesho anaanza upya. Mtu huyu akibanwa mguu saa nne asubuhi, ni nani atakayethibitisha kwamba alikuwa kazini? Msimamizi atasema hakumwajiri. Mwenye lori atasema alichukuliwa na ghala. Mwenye ghala atasema alichukuliwa na mwenye lori. Wenzake watamchangia nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, na huo ndio utakuwa mfuko wake wa fidia.

Si jambo jipya. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam, waliogoma mwezi Septemba mwaka 1947 na mgomo wao ukapanda na reli hadi bara, nao wengi walikuwa watu wa kuchukuliwa kwa siku, leo yupo kesho hayupo. Walidai mishahara, na walipata nyongeza. Lakini ukuta ule ule, wa mtu anayefanya kazi pasipo kuwa mfanya kazi wa mtu yeyote, bado umesimama mbele ya vijana wetu. Ajabu ni kwamba katika maghala mengi dereva wa mashine ana mkataba na kibarua hana. Aliye ndani ya chuma analindwa na karatasi, na aliye nje ya chuma halindwi na lolote.

Na malipo ya gunia yana madhara mengine. Anayelipwa kwa gunia hawezi kuzunguka njia ndefu. Ukimchorea mstari wa manjano unaompeleka kando ya ukuta hatua arobaini, na katikati ya uwanja ni hatua kumi na tano, atakata katikati, kwa kuwa zile hatua ishirini na tano ni fedha yake. Usimwite mzembe, amepiga hesabu ambayo wewe mwenyewe umempa. Dereva naye akiambiwa kwamba lori tano lazima ziondoke kabla ya jua kutua, hatarudi kinyumenyume kama inavyotakiwa pale mzigo unapomziba macho. Atainua shingo, atachungulia kwa ubavu, atapiga honi na kumwachia Mungu. Kwa hiyo kila anayesema habari za usalama bila kugusa habari za malipo na haraka, anapiga kelele kisimani.

Nini basi kifanyike? Mengi yameandikwa na wataalamu, nasi hatutayarudia yote. Lipo moja ambalo sisi tunaliweka mbele ya mengine, nalo ni kuwatenga watu na mashine. Ghala lolote lenye foklifti liwe na mlango wa watu na mlango wa mashine. Ikiwa jengo ni la zamani na lina mlango mmoja mpana, ugawanywe kwa vizuizi vya chuma au hata magogo mazito yaliyofungwa imara, ili mtu apite upande wake na asiweze kuingia upande wa pili ila kwa kukusudia. Rangi ya sakafuni ni nzuri, lakini rangi haimzuii mtu wala gurudumu, na katika maghala yetu vumbi la mahindi huifunika kwa juma moja. Pasipowezekana kutenga mahali, na itengwe saa: mashine ifanye kazi, watu wawe nje, kisha funguo zitolewe, uma ushushwe chini kabisa, watu waingie. Wenye haraka watasema hilo litachelewesha. Litachelewesha kweli kidogo, na gharama ya kuchelewa huko ni ya mwenye mali, si ya mwenye miguu.

Mizani nayo iondolewe njiani. Hili ni dogo na halihitaji fedha. Ukiweka mizani ndani ya njia ya mashine umewaita wakulima wote wasimame ndani ya njia ya mashine. Iwekwe nje ya kizuizi, na pawe na kivuli na benchi. Mama lishe na muuza chai nao wapewe mahali pao panapojulikana, maana watu wanaofanya kazi lazima wale, na kumfukuza mama chai getini kutamfanya apenye kwa nyuma ambako ni hatari zaidi.

Dereva asiruhusiwe kwenda mbele akiwa haoni. Mzigo ukimziba, aende kinyumenyume huku akitazama anakokwenda. Akiwa anapanda mteremko na mzigo, ambapo mzigo lazima ubaki upande wa juu, awe na mtu wa kumwelekeza, asimame mahali anapomwona. Afunge mkanda. Wengi huona mkanda ni dharau kwa dereva mzoefu. Lakini mashine inapopinduka, anayeruka nje ndiye anayelaliwa na paa lake la chuma, na aliyefungwa kitini hubaki ndani ya paa hilo. Mtu mwingine yeyote asipande juu ya uma, hata kwa dakika moja, hata kushusha gunia moja tu la juu. Na funguo zisiachwe zikining'inia wakati wa chakula cha mchana, kwa kuwa kila kijana anayeshinda ghalani anaamini moyoni kwamba anaweza kuiendesha.

Sakafu nayo isisahaulike. Mji wa Kilosa unajua maji ni nini. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu hata njia ya reli. Hata katika mwaka usio na mafuriko, mvua za masika huacha mashimo na tope mbele ya milango ya maghala, na foklifti, yenye magurudumu madogo yasiyo na springi za kutosha, huyumba na kumwaga mzigo ambapo lori lingepita salama. Kifusi cha kokoto ni rahisi kuliko jeneza.

Kuhusu vibarua, neno letu ni fupi. Yaandikwe majina kamili kila asubuhi, na jina la anayewalipa, kabla gunia la kwanza halijanyanyuliwa. Nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa usalama ambaye wafanya kazi wenyewe wamemchagua. Wapewe robo saa ya kuonyeshwa njia, mgongo wa mashine unavyorushwa, na mahali pasipokanyagwa. Robo saa hiyo ilipwe. Na malipo ya gunia yabadilishwe yawe malipo ya siku, au yawekewe kiwango cha chini ambacho mtu hawezi kukikosa kwa sababu alipita njia ya salama. Twajua wenye maghala watalipinga hili kuliko vizuizi na rangi. Ndiyo maana twawaomba ndugu zetu wa chama cha wafanya kazi wa viwanda na biashara, TUICO, na viongozi wa matawi ya Chama katika kata ya Magomeni, wasilizungumze jambo hili katika risala za Mei Mosi peke yake. Waende getini saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kuchaguliwa kwa vidole.

Mfanya kazi naye ana wajibu wake. Asikatize nyuma ya mashine iliyosimama na injini inayonguruma. Asiingie chini ya mzigo ulioinuliwa hata kama kofia yake imeangukia pale. Kabla ya kupita, amtafute dereva kwa macho, na asisogeze mguu hadi dereva amemwitikia kwa mkono. Hilo ndilo alilolikosa yule mama: alikuwa na macho yake, hakuwa na uhakika wa macho ya mwenzake. Na anapoona hatari iliyo wazi, aseme. Akilazimishwa kuingia, akatae. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, Namba 155, unasema kwamba anayejiondoa katika hatari ya dhahiri inayotishia uhai wake asiadhibiwe. Kibarua asiye na jina daftarini ataitumiaje haki hiyo? Tumerudi pale pale.

Majuma machache baadaye tulipita tena katika ghala lile. Msimamizi, ambaye tulimwona kuwa mtu mkali, alikuwa amefunga mnyororo katika nusu ya mlango na kusogeza mizani nje, chini ya mwembe. Mama chai amewekewa kibao cha kukalia kando ya mizani hiyo, ana vikombe vipya vya bati. Alituambia kwamba vikombe hivyo alinunuliwa na vibarua, si na ghala. Tulimwuliza msimamizi kama vijana wanaandikwa majina asubuhi. Akasema hilo ni la ofisi. Tulipokwenda ofisini tuliambiwa mwenyewe yuko Morogoro, turudi Jumatatu.